Nani Atampa Ghati Damu

3 Machi 2019, Jumapili

Daftari hili nilimnunulia Ghati wa kwangu. Mwalimu akalirudisha, eti mistari imebana, mtoto wa darasa la pili anataka mistari mipana. Sina nguvu ya kurudi dukani kwenye tope lote hili, basi nitaandika mimi. Mikono yangu haitulii, afadhali ishike kalamu kuliko ishike ugomvi.

Atakayelisoma ajue kwanza kwamba mimi Philomena ni mke wa mwanamke. Bibi Bhoke ni mjane asiye na mtoto wa kiume aliye hai. Kwa desturi yetu Wakurya, mwanamke wa namna hiyo anatoa ng'ombe, anaoa msichana, na watoto watakaozaliwa ni wa nyumba yake. Ndiyo nyumba ntobhu. Mwanaume aliyempa huyo msichana mimba hatajwi, na yeye mwenyewe hana ruhusa ya kujitaja. Ghati ana miaka minane na ubini wake ni wa marehemu mume wa Bibi. Kila mwezi Bibi ananikumbusha kwamba nyumba inasubiri mtoto wa kiume. Namjibu kwa kukoroga ugali kwa nguvu.

Rashi, yaani watu kukimbilia dhahabu, imepamba moto kwenye kilima nyuma ya Itiryo. Mwezi uliopita palikuwa na mbuzi tu, leo maturubai yamefika mtoni. Mimi napikia wachimbaji.

6 Machi

Mvua. Ghati hakwenda shule, anasema miguu inauma ndani ya mifupa. Nilimwambia ni kukua.

11 Machi

Homa tena. Muuza duka la dawa alinipa vidonge vya malaria, vya pili mwezi huu. Wateja walikuwa wengi mpaka sahani zikaisha.

17 Machi

Leo asubuhi Ghati aliamka na damu kwenye mto. Fizi. Nikamuuliza kama kuna mtoto amempiga, akasema hapana, lakini mapaja yana madoa ya bluu na mengine madogo mekundu kama aliyechomwa na sindano. Amekuwa mweupe midomoni. Bibi Bhoke alimpapasa tumbo upande wa kushoto, akasema, "Bandama. Limevimba. Hata kipofu ataliona."

Wachimbaji wana lao. Wanasema ni zebaki, kwamba nampeleka mtoto pale wanapochoma dhahabu akavuta moshi. Nilikasirika kwa sababu ni kweli nampeleka. Usingizi umeniruka.

24 Machi

Nimesema nampeleka Tarime hospitali keshokutwa, mvua ikikatika. Bibi amesema nina haraka kama kuku anayetaka kutaga.

27 Machi

Naandika nikiwa Tarime hospitali. Jana mvua haikukatika, hatukuondoka, na mchana nilikuwa kilimani napika. Niliporudi nilimkuta Ghati amelala kwenye ngozi, tumbo wazi, na Bibi Bhoke amepiga magoti karibu yake na wembe. Alikuwa amemchanja chale kumi na mbili juu ya bandama na kupaka dawa ya majivu. Ndivyo wanavyofanya hapa tangu zamani. Na mimi nilichanjwa nikiwa mdogo, alama ninazo. Chale huvuja kidogo, halafu zinakauka kabla hujamaliza kunywa uji.

Zile hazikukauka. Damu ilikuwa inatoka taratibu bila kusimama, nyepesi, imeshapita kanga mbili. Bibi alikuwa anabonyeza kwa kiganja na kusema, "Itakata. Itakata sasa hivi." Nilimsukuma. Ndiyo, nilimsukuma mwanamke aliyenioa, mzee wa miaka sabini, akaangukia chungu. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Nilimbeba mtoto mgongoni mpaka barabarani, na damu yake ikawa inateremka kwenye makalio yangu ikiwa ya moto. Pikipiki ya kwanza ilikataa kutubeba, ya pili ikakubali.

Nikiwa kwenye pikipiki nilikuwa nawaza jambo moja tu: angekuwa mtoto wa kiume, angethubutu kumkata?

Hapa walimfunga, wakapima damu, wakarudia kupima kwa sababu hawakuamini mashine. Daktari alisema wingi wa damu ni nne na mtu mzima wa afya huwa na kumi na mbili na zaidi. Chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zinatakiwa zianzie laki moja na nusu. Ghati ana elfu tisa. Chembe nyeupe, ambazo hazitakiwi kuvuka elfu kumi na kitu, ni laki moja na elfu arobaini na mbili. Kwa hiyo tunakwenda Mwanza kwa gari la wagonjwa. Damu ya kundi lake iliyokuwepo hapa ni chupa moja tu, wamempa.

Bibi Bhoke alifika jioni kwa miguu na lifti, tope mpaka magotini. Hakuna aliyemwita. Alikaa pembeni ya kitanda, mimi nikakaa upande wa pili.

1 Aprili

Mwanza. Wodi ya watoto wenye saratani. Nimelichukia hilo neno mlangoni.

2 Aprili

Leo walitoa uboho. Walimchoma Ghati dawa ya usingizi, wakaingiza sindano nene kwenye mfupa wa nyonga kwa nyuma na kuvuta kitu chekundu kizito. Mimi nilitoka nje nikazunguka jengo mara saba. Bibi Bhoke hakutoka, alishika miguu ya mtoto.

4 Aprili

Majibu. Daktari Akello ni mama mnene, mpole, mtu wa Rorya. Alitukalisha wote wawili. Nilitaka aseme haraka, nikawa natikisa mguu mpaka meza ikatikisika.

Alisema damu inatengenezwa ndani ya mifupa, kwenye uboho. Humo mwa Ghati kumeota chembe changa zisizokomaa, zinazaana bila mpango, zimejaza nafasi yote. Ni kama shamba la mtama lililomezwa na magugu. Kwa hiyo chembe nyekundu zimekosa nafasi, ndiyo maana amechoka na amepauka. Chembe sahani zimekosa nafasi, ndiyo fizi na yale madoa. Chembe nyeupe zinaonekana nyingi lakini ni changa, hazijui kupigana na ugonjwa, ndiyo homa. Na mifupa inauma kwa sababu imejaa kupita kiasi. Bandama nalo limejaa chembe hizo hizo. Ugonjwa unaitwa lukemia, na huu wa Ghati ni ule wa ghafla unaowapata watoto zaidi.

Nikauliza kuhusu zebaki. Akasema zebaki ni sumu na nimtoe mtoto kule, lakini kwa watoto wengi lukemia haijulikani ilikotoka. Haiambukizi. Haitoki kwenye ziwa la mama. Si mkono wa mtu.

"Na chale?" Bibi Bhoke akauliza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Chale hazikuleta ugonjwa, mama. Lakini mtoto asiye na chembe sahani ukimkata unaweza kumpoteza siku hiyo hiyo. Tusirudie."

"Inatibika?" nikauliza mimi.

"Wengi wanapona wakimaliza dawa. Sikiliza vizuri, nimesema wakimaliza." Akaeleza. Mwezi wa kwanza ni wa dawa kali za kufukuza chembe mbaya: vidonge kila siku, sindano ya mshipa kila wiki, nyingine za paja, na dawa ya kuingizwa kwenye maji ya uti wa mgongo kwa sababu chembe hizo hupenda kujificha kuelekea kwenye ubongo. Halafu watapima uboho tena. Ukiwa safi, matibabu yanaendelea kwa miaka miwili na zaidi, mengi yakiwa vidonge vya nyumbani na kurudi kliniki.

Miaka miwili! Mimi siwezi kukaa kanisani mpaka matangazo.

5 Aprili

Wameanza.

9 Aprili

Ametapika. Nimefua. Ametapika.

12 Aprili

Siku ya nane. Daktari anasema chembe changa kwenye damu zimepungua sana, dalili nzuri. Vile vidonge vinamtia Ghati njaa na hasira. Leo amenitupia kikombe. Bibi akacheka kwa mara ya kwanza tangu tufike, akasema amenirithi.

Kitanda cha jirani yupo Jairo, wa miaka kumi, na mama yake Dorka kutoka Shirati. Dorka alimtoa hospitali mwaka jana, mwezi wa tatu wa matibabu. Jairo alikuwa ananenepa, anacheza mpira, wakaona amepona. Ugonjwa umerudi. Dorka anasimulia akiangalia ukuta.

16 Aprili

Homa nyuzi thelathini na tisa. Nywele zinatoka kwenye mto kwa mafungu.

18 Aprili

Sijui nianzie wapi.

Dawa haichagui. Inaua chembe mbaya na nzuri pia, kwa hiyo sasa Ghati hana kitu. Wingi wa damu ni tatu. Anapumua kwa mabega. Damu yake ni kundi O hasi, na Daktari Akello amesema kati ya watu mia huku kwetu utawapata wawili watatu. Benki ya damu hapa imeishiwa, wameomba mikoa ya jirani, wanasubiri. Mimi nimepimwa, ni O chanya. Bibi hata hawakumpima kwa sababu ya umri. Alivuta mkono wa gauni mwenyewe na kumwambia nesi achukue, nesi akamrudishia mkono taratibu.

Hapa nitaandika jina ambalo halitakiwi kuandikwa. Oduol. Anaendesha karasha la kusaga mawe kule kilimani, na kabla ya rashi alikuwa fundi wa mashine za kusaga mahindi. Mama yake ni wa Migori, alisoma upande wa Kenya. Miaka tisa iliyopita aliniambia kwa majivuno kwamba walipotoa damu shuleni walimwambia damu yake ni adimu, O hasi, asiimwage ovyo. Mimi nilicheka. Sasa hayo maneno yananizunguka kichwani.

Lakini namwambiaje? Nikimpigia simu mimi, nimevunja nyumba ya Bibi Bhoke. Watu watasema Mjaluo wa karasha ndiye baba, na kesho ndugu zake watakuja na ng'ombe kumdai mtoto. Ndiyo maana ya ule mwiko. Na Bibi atasema nini? Nilitembea ukumbini kwenda na kurudi mpaka mlinzi akaniuliza kama nimepoteza kitu.

Saa nane mchana Bibi Bhoke aliniita nje, kwenye ubao wa kukalia.

"Yule mtu," akasema. "Bado yuko kwenye karasha?"

Nikamgeukia. Hajawahi kumtaja hata kwa "yule".

"Mama Ghati, nakuuliza. Yupo?"

"Yupo, mama."

"Damu yake ni ya namna gani, unaijua?"

"Ni kundi hilo hilo. Alishaniambia."

Akafunga kitambaa chake upya. "Simu haifai kwa jambo hili. Nitakwenda mimi."

Akaondoka na basi la jioni. Mvua ilikuwa inanyesha, mzee wa miaka sabini, na nauli amefunga kwenye pindo. Mimi niliyekuwa nasema hampendi mtoto kwa sababu ni wa kike, nilimwangalia mpaka akatoka getini.

19 Aprili, Ijumaa Kuu

Homa haishuki. Wanampa dawa za kuua vijidudu kwa mshipa. Nimeambiwa nisimbusu na ninawe mikono kila ninapomgusa.

20 Aprili

Hakuna simu. Karasha linalia sana kule, hata ukimpigia mtu hasikii. Ghati ameniuliza Bibi yuko wapi. Nimesema amekwenda kuleta dawa.

21 Aprili, Pasaka

Wamefika saa nne asubuhi. Bibi mbele, Oduol nyuma, vumbi la mawe bado liko kwenye kope zake. Baadaye alinisimulia kwamba Bibi aliingia kilimani kati ya wanaume wote, wakazima karasha kwa sababu walidhani mtu amefukiwa. Akamwambia mbele yao, "Wewe, chukua koti. Twende."

Kwenye benki ya damu nesi kijana alikuwa anajaza fomu. Alimpima Oduol. O hasi. Halafu nesi akauliza, "Una undugu na mtoto?"

Oduol aliniangalia, akamwangalia Bibi. Akasema, "Hapana. Mimi ni jirani tu."

Alifanya sawa. Ndivyo alivyofundishwa kufanya tangu siku ya kwanza, na mimi nikainamisha kichwa kama nilivyofundishwa. Nesi akaandika: jirani.

"Sawa," nesi akasema. "Nauliza kwa sababu angekuwa mzazi au ndugu wa damu, tungepitisha kwanza damu kwenye mionzi. Damu ya mtu wa karibu, kwa mtoto mwenye hali hii, chembe zake zinaweza kukaa mwilini zikamgeuka. Inaua. Kwa vile ni jirani hakuna haja, itakuwa tayari mapema."

Nilifungua mdomo na sauti haikutoka, naapa, niliye na mdomo kuliko wanawake wote wa Itiryo. Oduol alikuwa ameshanyoosha mkono kwenye meza.

"Futa," Bibi Bhoke akasema.

"Mama?"

"Futa hapo ulipoandika. Si jirani. Huyu ndiye aliyemzaa." Alikuwa amesimama wima, mikono imeshika kanga. "Andika vizuri. Ni damu yake kabisa. Ipitisheni huko kwenye mionzi."

Nesi alitazama kadi. "Lakini jina la baba hapa ni lingine."

"Hilo ni jina la nyumba yangu. Nyumba haina damu. Wewe andika ninavyokwambia."

Akafuta. Oduol alitoa damu akiwa anaangalia dari, machozi yanaingia masikioni. Jengo la mionzi liko ng'ambo ya uwanja. Nilisindikiza lile boksi mpaka mlangoni kwa sababu nilishindwa kukaa. Saa kumi jioni damu ilianza kuingia kwa Ghati. Ilipofika nusu chupa, kucha zake zilianza kupata rangi.

Oduol alisimama mlangoni mwa wodi. "Shikamoo tena, mama," akamwambia Bibi. "Mimi sidai kitu, si unajua? Hata watu wetu sitawaambia. Lakini si niruhusiwe nimwone tu, kidogo?"

Bibi alimwonyesha bomba la maji.

"Nawa mikono kwanza," akasema.

22 Aprili

Oduol amerudi kilimani. Homa imeshuka.

3 Mei

Siku ya ishirini na tisa. Uboho tena. Safari hii nilibaki ndani.

7 Mei

Safi! Daktari Akello amesema kwenye darubini hawaoni tena zile chembe changa. Nilipiga vigelegele, mlinzi akaja mbio. Daktari akanishika bega: "Hatuzioni, haina maana hazipo. Tukiacha sasa zitarudi." Nikaitikia ndiyo, ndiyo.

8 Mei

Jairo amefariki asubuhi. Dorka alikunja shuka zake mwenyewe.

14 Mei

Tumehamia chumba cha kupanga karibu na hospitali. Ghati ana mashavu makubwa, anakimbia na watoto wa mwenye nyumba. Bandama halishikiki tena ukimpapasa tumbo.

20 Mei

Nimepigiwa simu. Rashi imehamia upande wa Nyarero, mawe yana dhahabu inayoonekana kwa macho, na wapishi hawatoshi. Sufuria zangu zimekaa bure.

28 Mei

Nitaandika ukweli maana daftari halina wa kumdanganya.

Leo asubuhi nilifunga begi. Nilikuwa nimeshajishawishi kwa wiki nzima. Mtoto anakula, anaimba, uboho safi. Sindano ya mgongo ni keshokutwa, lakini sindano moja itampunguzia nini? Tungerudi baadaye, mvua ikiisha, nikishapata akiba. Nilikuwa na sababu nyingi na zote zilikuwa nzuri.

Bibi Bhoke alikuwa mlangoni anachambua mboga. "Unakwenda wapi?"

"Nyumbani. Amepona, mama. Si unamwona?"

"Nani amesema amepona?"

"Wewe si ndiye uliyekuwa hutaki hata tuje hospitali!"

Niliyasema kwa sauti ili yaume. Hakukasirika. Aliweka ungo chini. Bibi hajui kusoma, lakini alianza kuniorodheshea kila kitu alichosema Daktari Akello, kwa vidole: dawa ya kila siku, ile ya wiki, ile ya mgongo, mwezi gani wanapunguza, mwezi gani wanaongeza. Alikuwa ameshika vyote. Mimi niliyefika kidato cha pili nilikuwa nimeshika neno safi tu.

Halafu akasema, "Nilizaa wanaume wanne. Wa mwisho aliitwa Nyamhanga. Alianza na miguu kuuma. Fizi zikatoa damu, tumbo likavimba hapa. Nikamchanja kwa mkono wangu. Damu haikukata."

Nikaweka begi chini.

"Miaka yote nilidhani nilimchanja kwa kuchelewa. Ndiyo maana Ghati nilimuwahi." Akaokota jani la mboga, akalirudisha. "Labda ulikuwa ugonjwa mwingine, Daktari anasema hawezi kujua. Sikuwa na mtu wa kunieleza. Wewe umeelezwa."

Tangu Machi nilikuwa namwangalia mzee huyu kwa jicho la pembeni, nikisubiri siku atakayosema mtoto wa kike hana haja ya kusumbuliwa hivi, turudi. Nilijiandaa kupigana naye. Kumbe wa kupigana naye ni mimi.

Ghati aliingia anahema, kichwa chake kisicho na nywele kinang'aa kwa jasho. Akaona begi. "Mama, tunaondoka?"

Nilimtazama Bibi anisaidie kujibu. Alikuwa ameinamia ungo wake, ameniachia.

"Hapana," nikasema. "Tunabaki."